Barua ya wazi kwa Kamati Tendaji ya Taifa: ratiba ya chama ifuate mikorosho inapochipua

Kwa: Mwenyekiti na Wajumbe wa Kamati Tendaji ya Taifa ya chama chetu cha wataalamu wa kilimo

YAH: RATIBA YA SHUGHULI ZA CHAMA KUSINI KATIKA KIPUPWE CHA MWAKA HUU

Ndugu Mwenyekiti na Wajumbe,

Tafadhali husikeni na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni afisa ugani wa kata katika uwanda wa juu wa Makonde, mkoani Mtwara, na mwanachama wenu kwa mwaka wa kumi na moja, ambaye mchango wake haujakosa kukatwa kwenye mshahara hata mwezi mmoja. Ninaandika barua hii mwezi Machi, mvua ingali inanyesha na ufuta ungali shambani, na pikipiki yangu ikiwa imeegeshwa barazani kwa siku ya tatu kwa sababu njia ya kwenda kijiji cha mwisho cha kata yangu imegeuka tope lisilopitika. Baada ya miezi miwili mambo yatakuwa mengine kabisa: mvua itakatika, upepo wa kusi utashika, ubaridi wa alfajiri utaanza kuuma, na mikorosho itaanza kutoa machipukizi. Kwetu huo ndio mwanzo wa mwaka wa kazi, hata kama kalenda ya ukutani inasema vingine.

Tawi letu limeanza kuupangia kipupwe hicho tangu Januari. Tumekwishafanya vikao viwili chini ya mwembe wa ofisi ya kata, tumechangishana fedha za karatasi na chai, na tuna mpango ulioandikwa. Tulichokosa ni neno moja la kukubali kutoka kwenu, na nimelazimika kuliomba hadharani kwa sababu nimekwisha kuliomba faraghani nikachoka. Barua ya kwanza ya tawi ilikwenda kwa njia ya kawaida, kupitia kwa mratibu wa kanda, na haikujibiwa. Ya pili niliikabidhi mwenyewe makao makuu nilipokuwa safarini kwa shughuli za kifamilia, na nakala yangu ikagongwa muhuri wa kupokelewa, muhuri ambao hadi leo ndio jibu pekee nililonalo kwa maandishi. Ya tatu niliituma kwa simu kwa kiongozi mmoja wa sekretarieti, nami nikaambiwa kwamba “suala lenu linafanyiwa kazi.” Hayo ni maneno ya Septemba iliyopita.

Nisieleweke vibaya. Siandiki kwa niaba ya kundi linalotaka kujitenga, wala sina nia ya kugombea nafasi ya mtu. Ninaandika kwa sababu ratiba ya chama kwa mwaka wa fedha unaoanza tarehe 1 Julai inapangwa sasa hivi, na nikinyamaza tutaletewa ileile ya miaka mitatu iliyopita ikiwa imebadilishwa tarehe tu. Hoja zangu ni hizi zifuatazo.

1. Ratiba yetu inafuata mvua za watu wengine.

Ninaona aibu kidogo kuwaeleza wataalamu wa kilimo jambo hili, lakini ratiba inanilazimisha. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa vuli na wa masika kwa maeneo yanayopata mvua mara mbili kwa mwaka, na hutoa utabiri wa msimu, wa kuanzia Novemba hadi Aprili, kwa maeneo yanayopata mvua mara moja. Lindi na Mtwara tumo katika kundi hili la pili. Mafunzo ya kanda yetu, hata hivyo, yamekuwa yakipangwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, kwa maelezo kwamba huo ni wakati ambao “wanachama wengi wana nafasi.” Mwanachama wa Kusini hana nafasi wakati huo, kwa kuwa yuko kwenye makadirio ya mavuno ya mahindi na mpunga, na hata akiwa nayo hana barabara.

Mwaka 2024 mafunzo yalisogezwa hadi wiki ya kwanza ya Mei. Wiki hiyohiyo kimbunga Hidaya kilipiga pwani yetu, mafuriko yakaikata barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi katika maeneo ya Kilwa, Somanga ikiwa mojawapo, na magari yakalala njiani pamoja na abiria na mizigo yao. Hakuna anayeilaumu Kamati kwa kimbunga. Tunachohoji ni kwa nini, baada ya somo la namna ile, ratiba ya mwaka uliofuata ilirudi na tarehe zilezile za mwezi Aprili.

2. Mafunzo ya ubwiriunga yalitolewa mwezi Oktoba.

Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu ndipo penye kiini cha malalamiko yangu.

Mafunzo yaliyokwama Mei 2024 yalifanyika Oktoba ya mwaka huo, katika ukumbi wa hoteli mjini Lindi. Mada kuu ilikuwa udhibiti wa ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia mikorosho. Ukumbi ulikuwa mzuri, chakula kilikuwa kizuri, mwezeshaji alikuwa mtu mwenye elimu na adabu. Akatuonesha ubwiriunga ukutani, kwa picha. Mwenzangu mmoja wa kutoka Tandahimba, ambaye amekuwa akipambana na ugonjwa huo kwa zaidi ya miaka 20, aliinua mkono na kuuliza kwa upole kama tungeweza kutoka nje tukautazame kwenye mkorosho wowote wa jirani. Jibu lilikuwa hapana, na lilikuwa jibu sahihi, kwa maana Oktoba hakuna ubwiriunga wa kutazama. Maua yamekwisha kuwa korosho au yamekwisha kukauka na kuanguka. Mkulima aliyekosea amekwisha kukosea.

Wajumbe wanaotoka mikoa isiyo na mikorosho wanaweza wasione uzito wa jambo hili. Ukungu huu hushambulia sehemu changa za mti, yaani majani machanga, vikonyo vya maua na tunda lililoanza kujitokeza, na hustawi katika hali ya ubaridi na umande kama ya kipupwe chetu. Salfa ya unga inayopulizwa kwa bomba la injini hukinga, haiponyi. Kwa hiyo mkupuo wa kwanza, yaani upuliziaji wa kwanza, unapaswa kupigwa vikonyo vinapoanza kuchomoza, kisha mikupuo inayofuata irudiwe kila baada ya wiki mbili hivi, alfajiri, kabla upepo haujaamka na umande haujakauka, ili unga ushike kwenye maua badala ya kupeperuka kwenda kwa jirani. Mkulima anayechelewa wiki mbili anapulizia mti ambao umekwisha kuungua, na anayewahi mno anapulizia fedha yake hewani. Kujua siku ya kuanza hakufundishwi kwa picha. Unasimama chini ya mti saa kumi na mbili asubuhi mwezi Juni au Julai, unavuta tawi hadi usawa wa macho, unahesabu vikonyo vilivyochomoza, unageuza jani changa kutafuta vumbi jeupe, halafu unahamia mti wa pili, kwa sababu miti ya shamba moja haichipui siku moja. Nilifundishwa hivyo na mzee mmoja mtaalamu aliyekwisha kustaafu, na maafisa vijana waliopangiwa kata za kwetu miaka ya karibuni, wengi wao wakitokea mikoa ya mahindi na mpunga, wanahitaji kufundishwa hivyohivyo.

Ugonjwa huu uliripotiwa nchini mwishoni mwa miaka ya 1970. Uzalishaji wa korosho, uliokuwa umefika takriban tani 145,000 mwaka 1973, ulishuka hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Sababu zilikuwa kadhaa, ikiwa ni pamoja na watu kuhamishwa mbali na mashamba yao na bei kuwa duni, lakini ubwiriunga ulikuwa miongoni mwake, na wazee wetu wanaikumbuka miaka ile kama miaka ya njaa ya shilingi. Chama cha kitaaluma kinachokuja na somo hilo Oktoba kimekuja baada ya mazishi.

3. Fungu la tawi halirudi.

Tunakatwa kila mwezi, na sehemu ya makato hayo inatakiwa kurudi tawini kwa shughuli za tawi. Kwa miaka miwili mfululizo haijarudi, na hatujapewa hesabu wala sababu.

4. Mkutano Mkuu wa mwaka hufanyika Dodoma katikati ya Novemba.

Novemba ndio mwezi ambao korosho ziko ghalani na minadani. Afisa ugani wa kata huwa anazunguka kwenye maghala ya vyama vya msingi vya ushirika akisaidia masuala ya ubora, kwamba korosho zimekauka vizuri na daraja la kwanza halikuchanganywa na la pili, huku wakulima wakisubiri malipo yao na mvua za kwanza zikiwa zinanyemelea. Hakuna mkurugenzi wa halmashauri atakayemruhusu aondoke wiki nzima kipindi hicho, na akimruhusu, mkulima hatamsamehe. Wiki nzima si chumvi. Kutoka Newala hadi Dar es Salaam ni siku moja ya basi, kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ni siku ya pili, na kurudi ni vivyo hivyo. Ni kweli kwamba siku hizi kuna treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma, nasi tunaifurahia, ila treni hiyo haianzii Newala.

Matokeo yake mnayajua. Mkutano Mkuu uliopita, wajumbe kutoka mikoa yetu miwili walikuwa watatu, na wawili kati yao walikuwa tayari wako Dodoma kimasomo. Maamuzi ya ada, ya ratiba na ya viongozi yanapitishwa bila sisi, kisha tunaambiwa yalipitishwa na wanachama.

5. Nanenane ya Ngongo.

Kila Agosti, maonesho ya kanda yetu hufanyika katika viwanja vya Ngongo, Lindi, na kila mwaka tunakumbushwa kuhusu banda la chama mwishoni mwa Julai. Mwaka jana tulijenga banda kwa miti na makuti tuliyochangia wenyewe, tukapanga miche ya mikorosho bora, mbaazi na ufuta, kisha tukasubiri bango rasmi kutoka makao makuu. Lilifika jioni ya tarehe 7. Tulipolikunjua kwa shangwe tukakuta limeandikwa “Kanda ya Mashariki.” Tukalitundika kwa kuligeuza, upande mweupe ukiwa mbele, na kijana mmoja mwenye mwandiko mzuri akaandika jina la chama kwa kalamu ya wino mzito. Tulicheka sana siku ile. Sasa tunaomba lisijirudie.

Najua majibu yatakayotolewa, kwa sababu mengine nimekwisha kuyasikia, na naomba kuyajibu kabla hayajaandikwa.

Itasemwa kwamba bajeti haitoshi. Mafunzo ya Oktoba 2024 yaligharimu ukumbi, hoteli, chakula, na posho na usafiri wa watu waliotoka mbali. Mafunzo tunayoyaomba yatafanyika mashambani, kwa wakulima ambao wamekubali kwa hiari, na wawezeshaji wake wakuu wako hapahapa mkoani, Naliendele, kwenye kituo cha utafiti ambacho korosho ndiyo kazi yake kuu. Kutoka Mtwara mjini hadi Naliendele unakwenda kwa bodaboda. Sijui ni hesabu gani inayofanya shamba liwe ghali kuliko hoteli.

Itasemwa kwamba Kusini ni mbali. Ni mbali, sikatai, ila umbali wa kutoka Dodoma kuja Mtwara hauzidi ule tunaotakiwa sisi kusafiri kila Novemba.

Itasemwa kwamba tushiriki kwa njia ya mtandao. Tunashiriki, pale mtandao unapokuwepo na pale msemaji anapokumbuka kuwasha kipaza sauti. Lakini kikonyo hakishikiki kwenye simu, na uchaguzi wa viongozi, kwa kanuni zenu wenyewe, haupigiwi kura kwa simu.

Pingamizi moja naliona lina uzito, nalo ni kwamba kipupwe chenyewe ndicho kipindi cha kazi nyingi kwa afisa ugani wa Kusini, hivyo kumrundikia shughuli za chama wakati huo ni kumwongezea mzigo. Tumelijadili hilo tawini kwa muda mrefu kuliko mambo mengine yote, na baadhi ya wenzangu bado wana wasiwasi. Tulichokubaliana ni kutenganisha vikao na mafunzo. Vikao vifanyike kati ya katikati ya Mei na mwanzo wa Juni, mvua zikiwa zimekatika na upuliziaji ukiwa haujapamba moto. Mafunzo yafuate kazi yenyewe, asubuhi, shambani, kwa saa tatu au nne, katika kata ambazo afisa angekwenda hata kama chama kisingekuwepo. Hapo mafunzo yanakuwa sehemu ya kazi, na mkulima anafaidika siku hiyohiyo.

Kwa msingi huo, mpango wa tawi letu kwa kipupwe cha mwaka huu ni huu. Wiki ya tatu ya Mei, kikao cha wanachama wote wa Lindi na Mtwara, pamoja na wenzetu wa Tunduru watakaopenda kuja, kifanyike Masasi, kwa kuwa hapo ndipo njia za Newala, Nachingwea, Nanyumbu na Tunduru zinapokutana na hakuna atakayelazimika kulala zaidi ya usiku mmoja. Mwishoni mwa Juni na katikati ya Julai, madarasa mawili ya shambani juu ya kukagua vikonyo na kupanga mikupuo, moja Tandahimba na jingine upande wa Lindi, kila afisa kijana akiambatanishwa na afisa mzoefu ambaye ataendelea kumwongoza hadi Septemba. Kabla ya Nanenane, ziara ya siku moja Naliendele. Agosti, banda la Ngongo. Hatuna mpango wa tamasha wala fulana, ingawa kuna mwenzetu mmoja ambaye hajakata tamaa kuhusu fulana.

Ili hayo yatekelezeke, tunaiomba Kamati Tendaji yafuatayo, na tunaomba yajibiwe kwa maandishi:

Kwanza, mpango huu uingizwe katika ratiba ya taifa kabla haijafungwa, na mafunzo ya kanda yetu yasipangwe tena kati ya Desemba na mwanzo wa Mei.

Pili, fungu la tawi la miaka miwili liletwe pamoja na hesabu yake. Ikiwa halipo, tuelezwe limetumika wapi. Kikao cha Masasi tutakifanya kwa fedha zetu hata likichelewa, lakini madarasa ya shambani yanahitaji mafuta ya pikipiki za watu wanaotoka wilaya nyingine. Pikipiki zenyewe tunazo, Serikali iligawa kwa maafisa ugani mwaka 2022.

Tatu, Mkutano Mkuu uhamishwe kutoka Novemba. Ikiwa hilo linahitaji idhini ya mkutano wenyewe, basi hoja iwekwe katika ajenda ya Novemba ijayo, na matawi yaruhusiwe kutoa maoni yao kwa barua zitakazosomwa ukumbini.

Nne, bango la Ngongo lifike kabla ya tarehe 25 Julai, likiwa na jina la kanda yetu.

Tunaomba jibu ifikapo tarehe 30 Aprili. Siku hiyo si tishio. Ni kwamba baada ya hapo barua za kuwaalika wanachama Masasi zitakuwa zimekwenda, na tungependa ziende zikiwa na saini ya mratibu wa kanda pamoja na ya katibu wa tawi. Jibu lisipokuja, zitakwenda na saini moja, na barua hii itasomwa mwanzoni mwa kikao ili wanachama wajue tulipofikia.

Ikiwa kuna mjumbe wa Kamati ambaye angependa kuona ninachokieleza kabla ya kuamua, namkaribisha kwangu wiki ya mwisho ya Juni. Aje na koti, kwa sababu alfajiri za huku juu zina baridi, na ajiandae kuamka saa kumi na nusu. Salfa inanuka na inawasha macho, nitamwazima barakoa na miwani. Chai na mihogo vitakuwepo tukirudi.

Wenu katika taaluma,

Afisa ugani wa kata, mwanachama wa tawi la Mtwara

Nakala:
Wenyeviti na makatibu wa matawi ya Lindi na Mtwara
Wanachama wa Tunduru
Mratibu wa kanda